Makadirio ya miundombinu ya TEHAMA hukosewa kwenye orodha, si kwenye bei

Fungua faili la mradi wa miundombinu ya TEHAMA uliopitiliza bajeti, ulinganishe kilichokadiriwa na kilicholipwa, mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta bei ya seva iko vilevile ilivyoandikwa. Swichi za mtandao nazo hivyo hivyo, maana mzabuni alileta profoma na profoma ndiyo iliyofuatwa. Fedha zimeponyokea kwenye mistari ambayo haikuwamo kabisa: moduli za kuunganishia nyuzi za mwanga, leseni za prosesa zenye viini (sehemu zinazofanya hesabu ndani ya prosesa) vingi kuliko ilivyodhaniwa, miezi ya kulipia mfumo wa zamani huku mpya haujakaa sawa, fundi umeme aliyeitwa kwa sababu raki mpya, yaani kabati la kushikilia seva, ilitaka laini yake peke yake.

Ukikosea bei ya kitu, umekosea kwa asilimia tano, pengine kumi. Ukikisahau, umekosea kwa asilimia mia. Hata hivyo vikao vya bajeti humalizikia kwenye lile la kwanza. Wiki nzima hupita watu wakibembeleza punguzo la seva, kisha dakika chache tu zinabaki za kujiuliza ni nini kingine kitatakiwa ili seva hizo zifanye kazi.

Mwaka 2011, watafiti Bent Flyvbjerg na Alexander Budzier walichapisha matokeo ya kuchunguza miradi 1,471 ya TEHAMA. Kwa wastani ilipitiliza bajeti kwa asilimia 27, kiasi ambacho taasisi nyingi zingekivumilia. Ila ndani ya wastani huo, mradi mmoja kati ya sita ulipitiliza kwa wastani wa asilimia 200, yaani uligharimu mara tatu ya kilichopangwa. Kwa maoni yangu, hakuna anayefika mara tatu kwa sababu ya kukosea bei za vifaa. Mtu hufika huko kwa kazi ambazo hakuna aliyeziona zikija.

Kwa hiyo ufafanuzi huu utakaa zaidi kwenye orodha: inavyotengenezwa, na mahali inapotoboka.

Terabaiti 30 zinavyogeuka 96

Tuchukue kitu kimoja tukifuate hadi mwisho. Idara inasema ina data ya terabaiti 30 na inataka hifadhi mpya ya kuitosha kwa miaka mitatu. Mtu mwenye haraka ataandika terabaiti 30, ataongeza kidogo, na kuomba bei ya 40. Mtu mwenye subira ataanza na swali: data hii inakua kwa kasi gani?

Tuseme kumbukumbu za mfumo zinaonyesha ongezeko la asilimia 20 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza zinafika 36, wa pili 43.2, wa tatu karibu 52. Hizo 52 ndizo zinazopaswa kuwa tupu na tayari, si jumla ya namba zilizobandikwa kwenye diski. Kati ya namba ya kibandiko na nafasi unayoweza kuitumia kuna makato kadhaa.

Ukinunua diski 12 za terabaiti 8, kibandiko kinasema 96. Diski moja unaiacha kama akiba, iingie yenyewe pale nyingine inapokufa: zimebaki 88. Ukizipanga kwa RAID 6, njia ya kuunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, nafasi ya diski mbili inaliwa na taarifa za kurejeshea data iwapo diski mbili zitaharibika kwa pamoja: zimebaki 72. Kisha kuna hesabu inayowashangaza wengi. Watengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja kamili, ilhali mifumo mingi ya uendeshaji huhesabu kwa vipeo vya mbili, na kwa hesabu hiyo ya pili zile 72 zinasomeka 65.5. Hakuna aliyekuibia, ni vipimo viwili vinavyotumia jina moja. Mwisho, hifadhi iliyojaa pomoni hufanya kazi kwa kujikokota, na wasimamizi wengi huacha asilimia 20 wazi. Zimebaki 52.4.

Ndiyo hiyo. Terabaiti 30 za leo zimekuwa ununuzi wa 96, na hapo hujajipendelea hata kidogo. Mpelekee mkuu wa fedha karatasi yenye 96 huku idara imeomba 30, bila mnyororo huu wa hesabu, uone atakavyokutazama. Mpelekee pamoja na mnyororo, na ubishi utahamia mahali panapofaa: je, hiyo asilimia 20 ya ukuaji imetoka wapi? Hilo ni swali zuri, na jibu lake linatakiwa kuwa kipimo cha miaka iliyopita, si hisia za mtu.

Na bado hatujagusa nakala rudufu. Kanuni ya 3-2-1 inayofuatwa na wengi inataka nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Hesabu yote ya juu ilikuwa ya nakala moja.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu kila mstari wa makadirio una mnyororo kama huu nyuma yake: kutoka hitaji kwenda kwenye kiasi, kutoka kiasi kwenda kwenye kifaa, halafu ndipo bei. Mzabuni huanzia mwisho. Anakuuliza unataka modeli gani. Ukimjibu kabla hujajua kiasi, umeshampa kalamu akukadirie yeye.

Kisanduku na vinavyokizunguka

Seva inakuja na bei yake, lakini haifanyi kazi ikiwa sakafuni. Inataka nafasi kwenye raki, reli za kuishikilia, nyaya za umeme zinazolingana na soketi za raki (ambazo mara nyingi si zile za ukutani), kebo za mtandao, na moduli za nyuzi za mwanga. Hizi moduli zinastahili kutajwa peke yake. Swichi nyingi za nyuzi za mwanga huuzwa zikiwa na matundu matupu, na kila kiungo kinataka moduli mbili, moja kila upande. Kwenye mradi wa viungo mia moja hizo ni moduli mia mbili, na jumla yake yaweza kukaribia bei ya swichi zenyewe.

Umeme nao una hesabu rahisi ambayo watu hawaifanyi. Mwaka una saa 8,760. Seva inayokula wati 400 muda wote hutumia uniti 3,504 kwa mwaka. Joto lake sharti liondolewe, na vifaa vya kulinda umeme navyo hula chao. Vituo vya data hupima hili kwa kipimo kiitwacho PUE: umeme wote unaoingia kituoni ugawanywe kwa ule unaofika kwenye vifaa vya TEHAMA. PUE ikiwa 1.5, seva ile moja inakugharimu uniti 5,256. Seva kumi kwa miaka mitano ni uniti 262,800. Zidisha kwa bei unayolipia uniti moja, halafu uangalie kama kiasi hicho kipo popote kwenye bajeti. Mara nyingi hakipo, kwa kuwa bili ya umeme hulipwa na idara nyingine. Kwa taasisi hilo halina maana yoyote, fedha ni zilezile.

Halafu kuna neno moja la kwenye maelezo ya mahitaji linaloweza kuongeza gharama maradufu: "isizime". Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99.9 unaruhusiwa kuzima saa 8.76 kwa mwaka. Ukipanda hadi 99.99, muda huo unashuka hadi dakika 52.6. Tofauti kwenye karatasi ni tarakimu moja. Kwenye ununuzi, ni laini mbili za umeme zinazojitegemea, swichi mbili mahali pa moja, mifumo miwili ya betri, na pengine kituo cha pili mahali pengine pamoja na watu wa kukisimamia usiku. Mkadiriaji anayeanza kazi kabla ya kupata tarakimu hii kwa maandishi anakadiria mradi ambao bado haujulikani ni upi.

Leseni ndizo zinazovuruga zaidi, kwani haziongezeki sambamba na vifaa. Tangu toleo la 2016, leseni ya Windows Server, mfumo wa uendeshaji wa seva wa Microsoft, hukokotolewa kwa viini vya prosesa, na kila seva hulipiwa viini visivyopungua 16 hata kama ina vinane. Seva yenye viini 64 hulipiwa mara nne ya ile yenye 16, iwe kazi yake inavihitaji vyote au la. Hivyo mtu anaweza kuona fahari kwa kupata mashine kubwa kwa bei ya kuridhisha, kumbe amejifunga mzigo wa leseni unaoimeza nafuu yote. Chagua prosesa ukiwa na jedwali la leseni mkononi.

Masharti yenyewe pia hubadilika. Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja), Novemba 2023, na kabla ya mwaka kwisha ikatangaza kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kuwaelekeza wateja kwenye usajili wa kulipia kwa vipindi. Waliokuwa wamekadiria miaka mitano kwa masharti ya zamani walilazimika kukaa chini upya. Hakuna mkadiriaji ambaye angeijua tarehe hiyo mapema. Alichoweza kufanya ni kuandika wazi kwamba hesabu yake inategemea masharti ya sasa ya muuzaji mmoja, ili siku yakibadilika ijulikane mara moja ni mstari upi umeanguka.

Wingu: bei iko wazi, matumizi hayako wazi

Kuhamia kwenye huduma za wingu, yaani kukodi seva na hifadhi za kampuni nyingine kupitia intaneti, hakufuti kazi ya kukadiria, kunaihamisha tu. Bei zimewekwa hadharani kwa kila saa na kila gigabaiti, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa kwenye bei. Linakuwa kwenye tabia za watumiaji.

Mwezi huhesabiwa kuwa saa 730. Mashine pepe ya majaribio inayohitajika saa 50 kwa wiki, kati ya 168, inapaswa kugharimu asilimia 30 ya mashine inayowaka mchana na usiku. Ukiikadiria kwa asilimia 30, umeahidi kwamba kuna mtu au programu itakayoizima kila jioni. Kama hakuna, umeandika matumaini. Upande wa pili, ukijifunga kutumia kwa mwaka mmoja au mitatu unapata punguzo kubwa, lakini ukijifunga kabla ya kujua kiasi unalipia mashine zilizokaa bure.

Data nayo ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kwa kawaida kuiingiza ni bure, kuitoa hulipiwa. Mfumo unaowatumia watu picha na video, au unaopeleka nakala rudufu nje kila usiku, utapata bili isiyofanana hata kidogo na ile ya mashine peke yake. Na vitu vilivyokuwa bure huanza kulipiwa: Februari 1, 2024, AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ilianza kutoza kwa saa kila anwani ya IPv4 ya umma (namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti), hata ile inayotumika. Kwa mwenye anwani tatu ni kiasi kidogo. Mwenye mamia yake aliiona kwenye bili.

Kipindi cha kulipia mara mbili

Gharama ninayoiona ikisahaulika kuliko zote si ya kifaa. Ni kile kipindi ambacho mfumo wa zamani bado unafanya kazi na mpya tayari unalipiwa. Kwenye makadirio mengi mfumo wa zamani huzimwa siku ileile mpya unapowashwa. Katika hali halisi kuna majaribio, kuna idara moja iliyokataa kuhama kabla ya kufunga mahesabu, na kuna programu ya zamani isiyokubali kuhamishwa, ambayo mwandishi wake aliondoka zamani. Matengenezo ya mfumo wa zamani, umeme wake na leseni zake vinaendelea.

Hata kuhamisha data kwenyewe kuna muda wake. Zile terabaiti 30, zikipita kwenye kiungo cha gigabiti moja kwa sekunde bila kupumzika, zinataka takriban saa 67. Hakuna kiungo kinachotoa kasi yake yote, hasa mchana kikiwa kinatumiwa na wengine. Ukipata nusu, ni zaidi ya siku tano, na wakati huo watumiaji wanaendelea kuibadilisha data ileile unayoihamisha, hivyo kuna mzunguko wa pili wa kuchukua mabadiliko. Wataalamu wanaoifanya kazi hiyo wikiendi wanalipwa na mtu fulani. Kama ni wafanyakazi wako, kazi zao za kawaida zinafanywa na nani? "Watu wa ndani ni bure" ni sentensi iliyoharibu makadirio mengi.

Mpaka wa muda unabadilisha jibu pia. Ukikadiria ununuzi tu, seva za ofisini huonekana nafuu au ghali kuliko wingu kutegemea mwaka uliochagua kuishia. Chagua kipindi kimoja, kwa mfano miaka mitano, na kila chaguo lipimwe kwa kipindi hichohicho: waranti inayoisha mwaka wa tatu na kutaka kuhuishwa, betri za kubadilisha, mafunzo, na gharama ya kuviondoa vifaa mwishoni, diski zikiwa zimefutwa ipasavyo.

Namba moja inadanganya

Orodha ikishakamilika ndipo tunafika kwenye namba, na hapa kuna ugonjwa wa pili. Bosi anataka kiasi kimoja, na mkadiriaji anampa. Lakini kila mstari wenye kazi ya watu ndani yake ni kipindi chenye mwanzo na mwisho, si nukta.

Njia ya kale ya kulishughulikia hilo ilitoka kwenye mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1958. Inaitwa PERT. Unachukua makadirio matatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, yakienda vibaya. Lile la kati unalizidisha kwa nne, unajumlisha yote, unagawa kwa sita. Kutandaza kebo kwenye jengo kwa siku 20, 30 au 70 kunakupa siku 35, si 30. Siku tano hizo hazikubuniwa. Zimetokana na ukweli kwamba kazi ya namna hii ina nafasi kubwa zaidi ya kuchelewa kuliko ya kuwahi.

Jumla ya mistari ina mtego wake. Ukiwa na mistari kumi, kila mmoja unaweza kupotoka kwa 10, na kila mmoja unajitegemea, upotovu wa jumla hauwi 100 bali karibu 32, kwa kuwa kupanda kwa huu hufidiwa na kushuka kwa ule. Watu huipenda hesabu hii kwa sababu inaleta utulivu. Shida ni kwamba mistari ya miundombinu mara chache hujitegemea. Karibu yote hununuliwa kwa fedha ileile ya kigeni, hupita bandari ileile, humngoja mkandarasi yuleyule. Sarafu ikishuka, inashuka kwenye mistari yote kwa siku moja. Mafuriko ya Thailand mwaka 2011 yalipofunika viwanda vya diski, bei zilipanda dunia nzima, na kila mradi wenye hifadhi uliumia pamoja. Uhaba wa chipu wa miaka ya 2021 na 2022 uliwafanya watu wasubiri swichi kwa miezi mingi, na kusubiri huko kukarefusha kile kipindi cha kulipia mara mbili. Kwa mambo ya pamoja kama haya tenga akiba ya pamoja, iliyoandikwa sababu yake: kiasi hiki ni cha sarafu, hiki ni cha kuchelewa kwa mizigo.

Kuna pia upofu usiotibika kwa kanuni za hesabu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu anayepanga kazi huiangalia kazi yenyewe kwa ndani, hatua kwa hatua, na kupuuza jinsi kazi zinazofanana nayo zilivyokwenda. Dawa waliyopendekeza ni kuanzia nje: tafuta miradi mitano au kumi ya aina hiyo, ya taasisi yako ikiwezekana, uone ilipitiliza kwa kiasi gani, kisha uanze na namba hiyo kabla ya kufungua jedwali lako. Ikiwa uhamishaji wa vituo vya data vitatu vilivyopita ulichukua mara moja na nusu ya muda uliopangwa, sababu za kudhani wa nne utakuwa tofauti zinapaswa kuwa nzito, ziandikwe.

Upana wa namba uendane na hatua ya mradi. AACE International, chama cha wataalamu wa gharama, hugawa makadirio ya miradi ya viwanda vya uchakataji katika madaraja matano. Lile la awali kabisa laweza kupungua kwa asilimia 20 hadi 50 na kuzidi kwa 30 hadi 100. Lile la mwisho, usanifu ukiwa umekamilika, hubanwa hadi kupungua kwa asilimia 3 hadi 10 na kuzidi kwa 3 hadi 15. TEHAMA haina sababu ya kujidai ina macho makali zaidi. Namba iliyotolewa kwenye kikao cha kwanza, kabla mtu hajapima chumba, ipewe daraja lake la awali na tarehe yake, kwa sababu itanukuliwa miezi sita baadaye kama ahadi.

Kinachobaki ni kuilinda akiba. Wakadiriaji wengi, wakijua bosi atakata, huificha ndani ya mistari: seva kumi na moja mahali pa kumi, siku arobaini mahali pa thelathini. Bosi naye akijua wanaficha, anakata asilimia 15 bila kuuliza, na mchezo huo hauishi. Afadhali akiba ikae kwenye mstari wake, na karatasi iwe na sehemu mbili ambazo nyingi hukosa: dhana zilizotumika, na vitu ambavyo havimo. "Ukarabati wa chumba haumo." "Kodi na ushuru wa forodha zimo." "Kiwango cha kubadilishia fedha ni cha tarehe hii. Profoma inakwisha muda baada ya siku 30."

Jumla ikionekana kubwa mno, usiipunguze jumla. Fungua mistari, mwenye fedha aseme kipi kitoke. Akiondoa laini ya pili ya umeme, mstari wake unafutwa, na palepale ile asilimia 99.99 kwenye ukurasa wa mahitaji inarekebishwa, naye anatia sahihi kwenye kurasa zote mbili.